Blanketi la Mtumishi Mwenye Furaha

Hapo zamani, nanyi mnaosinzia huko nyuma amkeni maana mtaulizwa, palikuwa na usharika mmoja wa milimani, mahali penye baridi kali. Mchungaji wake alihubiri mwaka mzima kwamba furaha ya kweli hupatikana kwa kuwahudumia wahitaji. Waumini wakakubali, wakatoka kutafuta wahitaji. Taabu ni kwamba kila mtu alimtaka mhitaji wa karibu, msafi, tena mwenye shukrani.

Akapatikana Bibi Nakijwa, mjane aliyevunjika mguu akitoka kukata majani ya ng'ombe.

Namsifu akaja na uji. Huyu alikuwa amefiwa na mumewe, na hakuwa amecheka tangu mazishi. Siku ya tatu ya kumnywesha Bibi uji, akacheka. Sefania akaja na maji. Huyu alikuwa mlevi kupindukia, lakini mtu hapandi kilima na ndoo begani huku anayumba, basi akaacha pombe. Uji asubuhi, maji jioni. Uji asubuhi, maji jioni. Usharika mzima ukawasifu.

Ilipofika Pasaka mguu ukapona. Bibi alisimama, akaizunguka nyumba mara mbili, akafurahi sana. Kisha akamwona Namsifu anakuja na uji wake, anaimba njia nzima. Bibi akarudi kitandani, akajifunika.

Wiki hiyohiyo binti yake Nanzia, aliyeolewa ng'ambo ya bonde, akajifungua mtoto wa kwanza. Akatuma ujumbe mama yake aje amkande na kumpikia, kama mama wote wafanyavyo. Bibi alilia, maana alimtamani mjukuu yule kuliko kitu chochote. Lakini mgonjwa ataendaje? Akajibu kwamba mguu bado. Uji asubuhi, maji jioni, miezi mitatu.

Sikukuu ya Mavuno ikafika. Kina mama walitoa blanketi jipya, zito, na Mchungaji akatangaza kwamba litakwenda kwa yule aliyeipata furaha kwa kumhudumia mwenzake. Namsifu na Sefania wakambeba Bibi kwa machela hadi kanisani, kila mmoja akitaka kushika upande wa mbele, unaoonekana. Nanzia naye alikuja kumbatizisha mwanawe. Maji yalipomgusa, mtoto akalia. Bibi akajisahau. Akashuka kwenye machela, akatembea hadi mbele, akampokea mjukuu wake.

Watu wakaanza kunong'ona kuhusu muujiza. Bibi akakataa, akakiri palepale kwamba anatembea tangu Pasaka.

"Ningeamka, Namsifu angerudi kulia peke yake, na Sefania angerudi kilabuni," alisema. "Nimelala ili wao wasimame. Kama huo si utumishi, niambieni ni nini."

Namsifu alisimama kwa hasira. Akasema ni yeye pekee aliyehudumu kwa moyo mweupe, bila kujua lolote, na kwamba uji wake ulikuwa wa kweli hata kama ugonjwa ulikuwa wa uongo.

Sefania aliinamisha kichwa. "Mimi nilijua," akasema. "Niliona nyayo zake bustanini, na kabichi zikinyweshewa maji yangu. Kumchotea maji mgonjwa kila mtu anaweza. Mimi nilimchotea mzima, nikanyamaza, nisimwaibishe."

Hakutaja kwamba hakuwa na pengine pa kwenda jioni, lakini wote walilijua hilo.

Mchungaji akalihamisha blanketi kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto. Ndipo Nanzia akasema, taratibu, bila kumtazama mtu:

"Nilipojifungua, mama, nilichemsha maji yangu mwenyewe siku ya pili. Nikaanguka nayo. Ninyi watatu mlikuwa mnafurahishana huku. Furaha yenu nimeilipa mimi."

Bibi alimkumbatia mjukuu, machozi yakimtoka.

Mchungaji naye akasema tuimbe, wakaimba beti zote, na zilipokwisha blanketi lilikuwa bado mkononi mwake. Tangu siku ile usharika ule haujaafikiana, na mimi hawakuniuliza. Kwa hiyo nawauliza ninyi. Na wajanja wasinijibu "mtoto", maana mtoto hakumhudumia mtu yeyote. Yupo aliyelala akamkosa mjukuu, yupo aliyepika bila kujua, yupo aliyejua akanyamaza, na yupo aliyeachwa peke yake na maji ya moto. Je, nani alistahili kufunikwa blanketi lile?