Kanga Iliyokosewa Maandishi

Paukwa! Mmeitika pakawa, basi nawafungulia duka la zimwi.

Lilikuwa duka la nguo na zawadi, na vikombe vyake viliimba vyenyewe. Kibibi alipoingia kuvisikiliza, zimwi lilimgeuza kanga, likamtundika katikati ya mamia. Dada yake, Mize, akamfuata akilia hadi sauti ikamkauka.

“Haya, chagua mara tatu,” zimwi likacheka. “Ukimkosa, nawe nakutundika!”

Mize akashika kanga nyekundu, rangi aliyoipenda Kibibi. Siye. Akashika iliyonukia asumini kama nywele zake. Siye. Akabaki kusoma maneno ya kanga moja moja, machozi yakimziba macho, hadi akaiona moja iliyofifia pembeni: HALAKA HALAKA HAINA BALAKA.

“Achana na hiyo, mrembo,” zimwi likadakia. “Imekosewa maandishi. Hata bure haichukuliwi!”

“Kosa hilo ni la kwetu,” Mize akasema, akaikumbatia. Mdogo wake hakuwahi kuiweza r.

Kanga ikapata joto, ikaota mikono, ikamkaba shingo.

“Dada, mbona umechelewa? Tuludi nyumbani!”

Nami kanga yangu naikunja hapa. Mwenye nyingine aitandaze.