Firigisi ya Jogoo wa Mgaya

Hapo zamani, siku ambazo watu walikuwa wakitukanana kwa utaratibu, palikuwa na mji uitwao Kidundulu. Msicheke bado. Utaratibu wenyewe ulikuwa huu.

Mtu akikutukana, nawe ukamjibu, na mtu wa tatu akacheka, basi wewe na aliyekutukana mmekuwa watani. Mtani hafukuzwi mjini. Mtani anaweza kuingia uani kwako mchana kweupe akabeba kuku, nawe huna ruhusa hata ya kununa. Kuku huyo akipikwa, firigisi hupewa mtu mmoja, na anayeila ndiye mdhamini wa utani. Siku wakija watu kumfukuza mtani, mdhamini husimama mlangoni na kusema, "Anzeni na mimi."

Lakini tusi la chuki, lisilo na utani ndani yake, lilikuwa na faini: beberu, na kuomba radhi mbele ya soko zima.

Basi mwaka mmoja Kidundulu iliingiwa na hasira dhidi ya wakuja, watu waliohamia kutoka kwingine. Mahindi yaliponyauka, wakasema ni wakuja. Kuku walipogoma kutaga, wakasema ni wakuja. Mzee mmoja alipoota kipara, alivua kofia mkutanoni akainama. "Mnaona wakuja walichonifanya?" Watu wakaguna kwa uchungu.

Tatizo ni kwamba mji mzima ulikuwa na mkuja mmoja tu na mkewe. Jina lake Barutwa. Alitoka ng'ambo ya milima na huyo mkewe, Nabintu, baada ya vita kuchoma kijiji chao. Walikaanga vitumbua sokoni. Hawakuwa na pa kurudi.

Aliyeongoza hasira alikuwa Mgaya, mwenyekiti wa Kamati ya Wenyeji. Alikuwa na tumbo, jogoo na sauti. Siku ya gulio alisimama mbele ya kikaango cha Barutwa, mishipa ya shingo imemtoka.

"Wewe mkuja! Pua kama mpini wa jembe! Umekuja kunusa mali zetu! Kesho kamati inabomoa hicho kibanda chako, urudi huko ulikotoka!"

Nabintu akashika upawa. Barutwa akageuza kitumbua, akamtazama Mgaya, akatabasamu.

"Karibu, Mzee Mgaya. Tumbo lako limefika hapa tangu asubuhi, limekula, limejifuta mdomo. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Mtu akacheka. Kilikuwa kile kicheko kinachotoka puani pamoja na chai. Aliyecheka ni Bi Mashavu, mke wa Mgaya.

Kesho yake, kabla kamati haijamaliza kunywa uji, Barutwa aliingia uani kwa Mgaya. "Shikamoo, mtani," akasema. Akambeba jogoo, akaondoka bila haraka.

Mgaya akapiga yowe la mwizi. Wote wakaenda kwa Jumbe Lugome, mwamuzi wa mji. Walimkuta na kitumbua mkononi.

"Jumbe, mkuja ameniibia jogoo!"

"Sijaiba," Barutwa akasema. "Nimechukua kwa mtani wangu. Jana alinitukana vizuri sana. Tangu nitoke kwetu sijatukanwa vile."

"Mgaya, ulimtukana?" Jumbe akauliza.

"Nilimtukana!"

"Akajibu?"

"Alijibu, hana adabu huyu!"

"Na alicheka mtu?"

Mgaya akamtazama mkewe. Bi Mashavu akatazama paa.

"Basi niambie," Jumbe akasema. "Tusi lako lilikuwa la utani au la chuki? Likiwa la utani, huyu ni mtani wako, jogoo amekwenda na kibanda hakibomolewi. Likiwa la chuki, lete beberu, kisha ukaombe radhi sokoni."

Mgaya alikuwa na beberu mmoja, naye alimpenda kuliko kamati. "Utani," akanong'ona.

"Sema kwa sauti ile ya jana."

"UTANI!"

Kamati ikawaka. Ikaitisha mkutano kumtafuta aliyemwingiza mkuja katika utani.

"Si mimi," Mgaya akasema. "Mimi nilitukana tu. Mlaumuni mke wangu, alicheka."

"Si mimi," Bi Mashavu akasema. "Kicheko kilinitoka kama chafya. Mlaumuni Jumbe, alihukumu."

"Si mimi," Jumbe akasema. "Sheria niliikuta. Mlaumuni Mgaya, alitukana."

Wakazunguka hivyo, si mimi, si mimi, mpaka upepo ukageuka. Ulitoka upande wa kwa Barutwa, na Nabintu alikuwa amemuunga jogoo kwa karanga. Kamati ikavuta pumzi. Ikavuta tena. Mkutano ukahamia kwa Barutwa bila kuahirishwa.

Nabintu akainua firigisi kwa upawa. "Hii ni ya nani?"

"Yangu!" Mgaya akasema. "Bila tusi langu pangekuwa na utani gani? Na jogoo ni wangu."

"Utasimama mlangoni petu?"

"Nani atakuja kuwafukuza, kama si kamati yangu? Mwenyekiti akiwa mlangoni, nani ataiongoza?"

"Yangu mimi," Bi Mashavu akasema. "Tusi na jibu bila kicheko ni ugomvi. Nilimcheka mume wangu amefura, na jana nimelala jikoni na paka. Aliyemcheka Mgaya sokoni hashindwi na mlango."

"Hata fisi hucheka," Jumbe akasema. "Firigisi ni yangu. Kibanda kimesimama kwa hukumu yangu."

"Ulihukumu kwa haki au kwa vitumbua?" Mgaya akauliza.

"Leo haki na vitumbua vimekuwa upande mmoja. Kosa langu liko wapi?"

Nabintu akamgeukia mumewe. "Nawe, Barutwa? Ulijua kwamba Mgaya hakuwa anatania."

"Nilijua. Anayetania hatokwi na mishipa ya shingo."

Mgaya akatazama miguu yake. Hakuiona, kwa sababu ya tumbo.

"Basi jogoo huyu umempata kwa kumeza tusi," Nabintu akasema. "Firigisi ni yako. Uile."

"Nikiila mimi, mke wangu, nani atasimama mlangoni?"

Yule mzee wa kipara aliuliza kama shingo ina mwenyewe.

Haya, mchuzi unapoa, na kamati haijavunjwa. Mmoja alitukana, mmoja alicheka, mmoja alihukumu, mmoja alimeza. Upawa ungekuwa mkononi mwako wewe, firigisi ungeitia katika sahani ya nani?