Dakika Kumi za Fundi wa Boila

Ndugu zangu, kulikuwa na fundi mmoja wa kiwanda cha chai. Kazi yake ilikuwa boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji yatoe mvuke wa kukaushia majani. Aliijua kama mama anavyomjua mwanawe. Siku moja akaiona imepata ufa. Msimamizi wake akamwambia, "Kuizima boila si madaraka yangu wala yako. Wakurugenzi wanakaa Alhamisi. Nenda kawaeleze, watakupa dakika kumi."

Dakika kumi mbele ya wakubwa! Fundi wetu akajifunga kibwebwe. Akaazima koti kwa shemeji yake, likambana mabegani. Akamwomba mpwa wake amtengenezee picha za kuonyesha ukutani, zikafika hamsini na mbili. Siku zote hizo mkewe alipika huku akihutubiwa kama mkurugenzi.

Alhamisi ikafika. Fundi akasimama, kijasho chembamba kinamtoka. Mnajua alianzaje? Alianza kama sisi sote tunavyoanza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti..."

Akawapitia wote tisa, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Kusema tu "itifaki imezingatiwa" aliona ni utovu wa adabu. Akashukuru kwa kualikwa. Akawapa pole ya safari. Akafikisha salamu za wenzake wa karakana. Ndipo akaonyesha picha ya kwanza, historia ya kiwanda tangu mche wa kwanza ulipopandwa. Sasa alikuwa amenogewa, woga wote umemtoka! Alipofika mwaka ambao paa lilipakwa rangi, Mwenyekiti akatazama saa.

"Fundi, ahsante sana. Muda wako umekwisha."

"Lakini mheshimiwa, sijafika kwenye jambo lenyewe!"

"Jambo lenyewe ni lipi?"

Maskini, hofu ikamrudia, mazoezi yote yakamtoka kichwani. Akasema lile lililobaki.

"Boila ina ufa, mheshimiwa. Ikipasuka itaua. Naomba izimwe, tupate nyingine."

Fundi akajua kazi hana tena.

"Na sasa hivi inawaka?" Mwenyekiti akauliza.

"Inawaka, mheshimiwa."

"Kuna watu?"

"Wanne. Wako zamu."

Mwenyekiti akanyanyua simu hapo hapo, akaamuru boila izimwe na watu watoke. Wakatoka salama, wazima. Wakurugenzi wakakubaliana inunuliwe mpya, na kukubaliana kwenyewe hakukuchukua hata dakika mbili. Fundi alifurahi, nusura aruke na koti la watu! Ndipo Mwenyekiti akamgeukia, akamwuliza kwa upole:

"Baba, muda wote ule ulipokuwa unatuamkia, wale wanne walikuwa wamesimama wapi?"

Mlikuwa mnacheka. Mbona mmenyamaza?

Salamu ni uungwana, ndugu zangu, wala simwambii mtu aache kumwamkia mkubwa wake. Lakini sisi tunaye jirani, tunamwona kabisa pombe inavyommaliza. Tunakwenda kumtembelea. Habari za mbuzi, habari za mvua, shangazi wa Mbeya hajambo? Chai kikombe cha pili, tunaaga. Njiani tunasema, "Leo sikupata nafasi." Hukupata nafasi, wewe uliyekaa saa tatu? Na wewe mama, neno la kumwambia binti yako unalo moyoni tangu Pasaka. Kila akipiga simu unamwuliza amekula nini.

Ule ni woga. Tumeuita adabu, tukastarehe nao. Na yule fundi, alipotamka neno lake kwa pumzi moja, nani alimfukuza? Nani alimkaripia? Wakubwa wote tisa walikuwa tayari kumsikia, ila yeye hakuwa ameanza kusema.

Mimi nami nilikuja na hoja tano leo. Nne nimezifuta. Iliyobaki ni hii: yuko mtu wako, unamjua kwa jina, na moto uko karibu naye sasa hivi. Ukitoka hapa usipitie nyumbani kwanza. Tusimame.