Samli ya Mzazi

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bonde moja la Hadhramaut aliishi mja mwema aitwaye Muadhi, ambaye hakupata kumwacha msafiri apite mlangoni pake bila kumkirimu.

Mkewe, Zulfa, alipojifungua binti, mama yake alimletea chungu cha samli, asali, nyama kavu na uwatu wa kuteremsha maziwa. Kabla ya kurudi kwao alimwambia mkwewe, "Mwanangu, hiki ni chakula cha mzazi mpaka arobaini itimie. Asikiguse mwingine."

"Nimesikia, mama," akajibu Muadhi, na wallahi alikusudia hivyo.

Siku ya sita wakafika mahujaji, wamechoka hoi, na nyumbani hamna ila unga wa shayiri. Muadhi akasimama nje ya pazia la mkewe.

"Zulfa, tuna wageni wa Mwenyezi Mungu. Nichote kidogo?"

"Chota, Mola akuzidishie," akasema Zulfa kwa sauti ya chini.

Nasi wanaume ndivyo tulivyo: tukishapewa ruhusa mara moja, hatuulizi tena. Msafara ule ukafuatwa na mwingine, naye akachota na kuchota, huku jina lake likivuma bondeni kote. Zulfa akawa anakula mkate mkavu kwa maji, akiona haya kumpunguzia mumewe thawabu.

Siku ya ishirini mtoto alilia tangu alfajiri hadi adhuhuri. Mkunga, Bibi Sukaina, akaitwa, akamkamua Zulfa asipate hata tone. Akafunua chungu, akakuta kitupu. Akamfuata Muadhi barazani, alikoketi na wageni wakimsifu.

"Muadhi, mkeo anakula nini?"

Muadhi akawatazama wageni wake. Alijua akisema kweli heshima yake itaanguka mbele ya watu wale, na alijua pia kwamba Zulfa akiulizwa atamsitiri. Kisha machozi yakamtoka.

"Jamaa zangu, msinisifu. Mlichokula ni maziwa ya binti yangu."

Tangu siku hiyo alimpikia mkewe kwa mikono yake, akikaa naye mpaka amalize. Zulfa akapata nguvu, lakini maziwa hayakurudi. Ikabidi mtoto apelekwe kwa mnyonyeshaji wa bonde la pili, akakaa huko miaka miwili.

Muadhi alipomwomba radhi, Zulfa alisema, "Nimeshakusamehe, mume wangu. Nami nilikosea kwa kunyamaza."

Siku binti aliporudishwa, Zulfa alimnyooshea mikono. Mtoto akamkwepa, akamng'ang'ania mnyonyeshaji akilia, "Mama, twende!" Muadhi akaingia ndani, akalia kama aliyefiwa.

Ndugu zangu, mtu huyu hakuwa mchoyo wala mwovu, na hilo ndilo linalonisikitisha. Alitoa kwa moyo mweupe, ila alitoa tonge la mtu asiye na nguvu za kulidai. Mola atughufirie sisi na yeye. Kabla hujatafuta thawabu kwa wageni, ingia kwanza ndani, umuulize aliyelala na mtoto mchanga amekula nini leo.