Bakora Kumi na Moja Nje ya Mlango

"Mtaka kujua huacha bakora mlangoni." Ndivyo alivyokuambia baba yako jana alipokukuta unachonga hiyo fimbo, kisha akaenda zake shambani bila kukueleza chochote. Ndiyo tabia yake huyo. Anatupa neno kama mtu anayetupa ganda la ndizi, wengine tuteleze. Basi kaa hapo, Semeni, na mdogo wako akae. Jumatatu unaanza ualimu, watoto hamsini na tano mbele yako, na unaogopa watakupanda kichwani. Usinibishie, nimekuona unavyoipima hiyo fimbo hewani. Menyeni viazi huku mnasikiliza. Neno hilo halikutoka mbali. Lilizaliwa kijijini hapa hapa, na mimi nilikuwepo, baba yako mwenyewe nikiwa nimembeba mgongoni.

Lilianza hivi.

Mwaka ule ilitoka amri kwamba kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Tukapewa chumba kimoja cha shule ya msingi, kuanzia saa tisa alasiri, watoto wakishaondoka. Tulikuwa watu thelathini na wanne: kina mama wenye vichanga kama mimi, vijana wachache walioacha shule, na wazee kumi na mmoja, kila mmoja na bakora yake. Mwalimu wetu alikuwa Atiye, binti wa hapa hapa, amemaliza darasa la saba, umri wake miaka kumi na tisa. Nusu ya wanafunzi wake walikuwa wamemwogesha alipokuwa mchanga.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Babu yenu alikuwa anakata mkonge huko tambarare, na kila mwezi aliniandikia barua. Kusoma sijui, kwa hiyo barua naipeleka dukani kwa Hoza, na Hoza akisoma ni kama anapiga mnada. Mtu anakuandikia kwamba anakumbuka unavyolalia ubavu wa kushoto, Hoza anaitangazia foleni nzima ya mafuta ya taa! Nikifika kisimani wenzangu wananiuliza, "Mama Mbaruku, ubavu wa kushoto haujambo?" Chekeni tu. Mimi nilikuwa nalia. Niliapa nitajua kusoma, hata kama ni kwa kufa.

Sasa oneni tulivyokuwa tunasoma. Saa tisa tumekaa watu kumi. Anaingia mzee mmoja: wote tunasimama, shikamoo, marahaba, za nyumbani, za watoto, yule ng'ombe kazaa? Tukikaa tu, anaingia wa pili. Salamu zetu huku milimani mnazijua, hazina njia ya mkato. Mpaka wa kumi na moja amalize kujuliwa hali, saa kumi na moja hiyo, na kina mama tunawaza kuni.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa Mzee Shembilu. Alikuwa mhunzi, majembe ya kijiji kizima yalipita mikononi mwake, na kwa umri alikuwa mkubwa wetu sote. Alikaa dawati la mbele, bakora ya mpingo katikati ya magoti. Akichukia huigonga sakafuni, ngo! na kila mtu anafunga mdomo. Siku moja Atiye aliandika ubaoni "maji", akamwomba asome. Mzee akakunja uso, akasoma, "Moto." Nani angemwambia mtu kama yule umekosea, mbele za watu? Tukaitikia darasa zima, "Moto!" Atiye akabaki na chaki yake mkononi, macho chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Vizuri, babu. Tuendelee." Miezi mitatu tulisoma namna hiyo, na hakuna aliyejua kusoma.

Ndipo akaja mratibu wa elimu. Akatupitisha mmoja mmoja ubaoni. Lo, aibu ile! Aliondoka ametuachia neno moja: baada ya wiki sita atarudi na mtihani, na kama hata nusu yetu hatutaweza kusoma, kisomo kitahamishiwa kijiji kingine. Nilihisi kama mtu amenivuta mkeka niliokalia. Kisomo kikiondoka, mimi na Hoza tutazeeka pamoja.

Atiye naye aliingiwa na hofu, na hofu ikamfanya mkali. Jumatatu akaja na sheria tano, akaziandika ubaoni kwa mwandiko mzuri sana, ila hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuzisoma. Ikabidi azisome mwenyewe. Ya kwanza ilisema saa tisa na robo mlango unafungwa. Wazee walitikisa vichwa tu, wakidhani ni maneno.

Kesho yake saa tisa na robo akatia komeo. Haikupita dakika tano, ngo! ngo! ngo! Mzee Shembilu huyo, na wenzake wanne nyuma yake. Atiye hakufungua. Alisimama ameupa mlango mgongo. Nje tukamsikia Mzee anasema, "Jina nilimpa mimi huyu mtoto. Leo ananifungia mlango kama mbuzi!"

Basi ikawa balaa. Siku iliyofuata hakuja mzee hata mmoja, na kila mzee alizuia wakwe zake na watoto wake. Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Aliniambia, "Hutakwenda." Darasani walibaki watu sita. Wiki tano zilikuwa zimebaki, na mimi nakaa jikoni natazama moshi.

Siku ya tatu Atiye alinijia nyumbani, macho yamevimba. "Dada," akaniambia, "nisindikize nikaombe radhi. Peke yangu sitaweza." Nikambeba Mbaruku, baba yako huyo, tukaenda. Ilikuwa inanyesha, Atiye ameshika mwavuli mkononi na sukari nusu kilo kwapani. Tukafika kwenye kibanda cha uhunzi. Mzee Shembilu alikuwa amekaa mbele ya moto, nyundo mkononi, na kijana wake anavukuta, akiupulizia kwa mvukuto. Atiye akakunja mwavuli, akavuka kizingiti. Mzee hakuinua hata macho.

"Mwavuli nje," akasema.

Atiye akarudi, akauegemeza ukutani nje. Akaingia tena, akapiga goti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba." Nyundo ikaendelea, ka, ka, ka.

Tulisubiri mpaka Mbaruku akaanza kugumia mgongoni. Nikadhani Atiye atamwaga machozi na maneno ya radhi, turudi nyumbani. Lakini yeye akauliza, "Babu, kwa nini mwavuli unakaa nje?"

"Si mwavuli peke yake. Chochote ulichoshika. Mkono ulioshika kitu chake haushiki mvukuto." Mzee akageuza chuma motoni. Ukimuuliza habari za kazi yake alikuwa hajinyimi maneno. "Enzi za marehemu baba, Zumbe mwenyewe alikuja hapa, anataka kujua chuma kinafuliwaje. Zumbe, nakwambia, mtawala wa milima hii! Fimbo yake ya utawala akaiacha pale mlangoni, akakaa chini, akavukuta kama mtoto. Baba akimwambia umekosea, anarudia."

"Kumbe baba yako alimvunjia heshima Zumbe?"

"Heshima ipi aliyovunjiwa?" Mzee akapandisha sauti. "Heshima yake ilikuwa nje, inamngoja! Akitoka anaichukua!"

Nyundo ikabaki hewani. Aliyasikia maneno yake mwenyewe, nami niliona yalivyomwingia. Alimtazama Atiye, akautazama mlango, akanitazama hata mimi. Chuma kikapoa kwenye fuawe, na kijana akasahau kuvukuta.

Atiye akasema, "Babu, nilikufungia mlango. Haikuwa adabu, nakuomba radhi."

Mzee akakirudisha chuma motoni. Kisha akasema, "Nimesikia. Nendeni, mvua inazidi." Basi. Hakusema nimesamehe, hakusema sijasamehe. Sukari aliipokea lakini. Njiani Atiye aliniuliza mara tatu kama kupokea sukari ni dalili njema. Mimi nitajuaje?

Kesho yake baba mkwe wangu alipita jikoni akasema, kama mtu asiye na habari, "Nasikia leo kuna kisomo." Nilitoka mbio hata kanga sikuifunga vizuri. Saa nane na nusu tulikuta Mzee Shembilu amesimama uwanjani, mbele ya mlango wa darasa. Salamu zikapigwa pale pale nje, zote, mpaka ng'ombe wa mwisho. Zilipokwisha, akaigeuza bakora yake ya mpingo, akaiegemeza ukutani kando ya mlango, akaingia mikono mitupu. Wenzake wakatazamana. Mmoja akaegemeza yake, wa pili akafuata. Nikazihesabu: bakora kumi na moja ukutani, na saa tisa kamili tumeketi wote. Haijawahi kutokea!

Lakini kuacha bakora ni jambo moja. Atiye akaandika ubaoni neno lile lile, "maji", neno pekee nililokuwa nimelikariri kwa umbo. Chaki ikakatika. "Babu, tusomee."

"Moto," akasema Mzee.

 Atiye akainama kuokota kipande cha chaki. Ile heshima aliyolelewa nayo haikumruhusu kumsahihisha, maskini. Nami nikaona wiki tano zinapita, nikamwona Hoza na sauti yake ya mnada, nikajikuta nimenyoosha mkono. Walahi sijui nani aliunyoosha.

"Si moto, babu," nikasema. "Ni maji."

Baba mkwe wangu aligeuka akanitazama kama nimevua nguo hadharani. Mzee Shembilu uso ukamkunjika, na mkono wake wa kulia ukashuka katikati ya magoti kuitafuta bakora ili aigonge. Ukapapasa huku, ukapapasa huku. Haipo! Akautazama mkono wake mtupu, anaufunga na kuufungua. Mimi nikajiona nimekwisha.

Kisha yule mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Loo! Sasa najua kwa nini baba alitaka fimbo ziachwe nje!" Tukaangua kicheko darasa zima, na Atiye anacheka huku analia. Baba mkwe wangu ndiye aliyecheka mwisho, ila alicheka. Mzee akafuta macho, akaniambia, "Haya, mama, sema tena. Hilo neno linasomwaje?"

Kuanzia siku ile sheria tulizitunga pamoja: salamu nje, mlango hautiwi komeo, anayechelewa anaingia kimya na hatusimami, na ndani anayekosea anaambiwa, awe nani. Aliyezisimamia kuliko wote ni Mzee Shembilu. Na Atiye naye akaongeza moja ambayo hakumwambia mtu. Kisomo kikiisha, alitangulia yeye kutoka, akasimama kando ya mlango, na yeye akamkabidhi kila mzee bakora yake kwa mikono miwili, goti limeinama. "Shikamoo, babu." Wale wazee walitoka pale vifua mbele kuliko walivyoingia.

Mratibu alirudi na mtihani wake. Alipofika mlangoni alikuwa na fimbo ya kutembelea, si unajua matope ya huku. Mzee Shembilu akamwambia, "Bwana, hiyo nje." Akaiacha! Tulifaulu ishirini na tisa kati ya thelathini na wanne. Atiye alisikia hesabu ile akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kanga, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu siku ya komeo.

Na mimi? Barua iliyofuata niliichukua dukani, Hoza keshakohoa asafishe koo. Nikamwambia, "Asante, kaka, leo pumzisha sauti." Nikaenda nayo nyuma ya zizi. Ilinichukua alasiri nzima, kidole kinafuata neno kwa neno. Ilisema anarudi Ijumaa. Mengine iliyosema hayawahusu. Jamani, nilijihisi mwepesi siku ile, nikarudi nyumbani naimba, na kisimani walipouliza kuna habari gani, nikawaambia kajifunzeni kusoma.

Tangu hapo hapa kwetu mtu mzima akienda kufundishwa na aliye mdogo, au mkubwa akitaka kuwajua walio chini yake, anaambiwa neno lile alilokutupia baba yako. Naona umeacha kumenya, Semeni, unaitazama fimbo yako. Mimi sikukatazi. Lakini wale watoto hamsini na tano huwajui hata majina, wala hujui nani analala njaa na nani anaogopa ubao. Utawajuaje na mkono umeshika kitu chake?

Haya, kama huna kazi nayo tena, ilete hapa. Kuni zimeniishia na maharage bado magumu. Hivyo. Ona inavyowaka vizuri. Sasa ukimwona baba yako akirudi shambani, mwambie umemwelewa: mtaka kujua huacha bakora mlangoni.