Mwambie Baba Yako

Waliosema nyani haoni kundule walimaanisha kuwa mtu ni hodari wa kuzitangaza kasoro za wenzake, za kwake asizione hata akimulikiwa taa. Kijana wetu wa miaka kumi na sita angekuapia kwamba methali hiyo haimhusu hata chembe.

Baba yake, fundi cherehani, na mama yake, muuguzi, walikuwa na miezi mitatu bila kusemezana. Baba alihamia sebuleni na cherehani yake, mama akabaki chumbani. Nyumba ikawa na serikali mbili na mjumbe mmoja, na mjumbe ndiye yeye.

"Mwambie baba yako gesi imekwisha," mama alisema asubuhi moja, baba mwenyewe akiwa hatua mbili tu kutoka hapo, anatunga uzi kwenye sindano.

"Mama, si amekusikia!"

"Mimi sijazungumza naye."

"Mwambie mama yako," baba alijibu bila kuinua kichwa, "nilijua tangu jana."

Kijana alichoka hadi ncha za nywele. Dhiki hiyo alimsimulia mtu mmoja tu, binti wa mwenye duka la madaftari, ambaye walifanya hesabu pamoja kila jioni kwenye baraza ya duka.

"Watu wazima na akili zao timamu!" alifoka. "Mdomo Mungu kawapa wa nini? Wa kulia tu?"

Msichana alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Kijana, aliyekuwa akimpenda kufa, alilimeza neno lake kama alivyolimeza muhula mzima.

Ijumaa msichana alimwambia, "Kesho saa nne naondoka. Nahamishiwa shule ya bweni, mbali. Kama una neno, niambie."

Kijana akamuuliza kama kitabu cha hesabu angekiacha.

Kesho yake masanduku yalikuwa yakipakiwa kwenye gari la mjomba wa msichana, mbele ya duka. Kijana alisimama ng'ambo ya barabara, ameongozana na mdogo wake wa kike wa miaka tisa.

"Nenda kamwambie nampenda."

Mtoto akaenda, akarudi. "Anasema ukamwambie mwenyewe."

"Mwambie nitamwambia. Ila kwanza anijibu."

Mtoto akaenda, akarudi amenuna. "Anasema hajibu maneno ya kutumwa. Kaka, barabara yenyewe si hii hapa? Unaogopa nini?"

"Mara ya mwisho, mdogo wangu. Muulize ananipenda au hanipendi, basi."

Msichana hakumngoja mtoto avuke. Alipaza sauti, macho kwa mtoto, bila kumtupia kijana hata jicho.

"Mwambie kaka yako nilimpenda tangu muhula wa kwanza. Nilidhani anawacheka wazazi wake, kumbe anajifunza kwao!"

Akapanda gari, mlango ukafungwa. Uchungu ulimkata kijana maini. Ndipo alipofumbua mdomo, akapiga ukelele uliowageuza wapita njia wote: "Nakupenda!"

Gari lilikuwa limeshakata kona.

Mdogo wake alimtazama, mikono kiunoni. "Na hilo," akauliza, "nikamwambie nani?"

Kweli, nyani haoni kundule.