Saa Tatu ya Chande na Saa Tatu ya Mtoro

Alikuwapo mtu aliyekufa akaacha shamba, wana wawili, binti mmoja na saa ya ukutani. Shamba waligawana vizuri. Saa haikugawanyika, na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Mwana mkubwa, Chande, shule aliiona kwa nje tu akipita na jembe. Baba alipofariki, yeye alikuwa hajui tarakimu hata moja, na saa ile ilikaa ukutani ikilia tik, tak, kana kwamba inamsema. Akaona haya. Akajifundisha tarakimu peke yake, kwa kutazama kalenda iliyobandikwa dukani na kuwasumbua wateja. Alipozijua, akaiendea saa asubuhi moja. Jua lilikuwa limechomoza sasa hivi, na kijiji kizima kinasema ni saa moja. Akatazama mshale mfupi, akaukuta umekaa kwenye saba. Mwingine angekimbilia kwa mwalimu. Chande aliwaza peke yake, akakata shauri kwamba saa ni mbovu. Akapanda kigoda, akazungusha mishale mpaka ule mfupi ukafika kwenye moja, akashuka ameridhika.

Msicheke. Mimi ni mwalimu, na sijapata kuona saa inayosema Kiswahili safi kama ile. Watu wakisema saa nne, nayo inaonyesha nne. Wakisema saa sita, nayo sita. Mtu alijitafutia mwenyewe akapata, na kila asubuhi akaitia ufunguo kwa mkono wake. Ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba duniani pote aliyeweza kuisoma alikuwa Chande.

Mdogo wake, Mtoro, alipelekwa shule ya bweni. Huko alifundishwa saa na mwalimu mwenye fimbo: tazama mshale mfupi, kisha soma namba ya upande wa pili. Ukiwa kwenye saba, ni saa moja. Ukiwa kwenye tisa, ni saa tatu. Kwa nini iwe hivyo? Mtoro hakuuliza, maana aliyeuliza alichapwa. Lakini alishika somo, na kila alikokwenda, stesheni, hospitali, ofisini, aliisoma saa yoyote akapatia, sawasawa na watu wengine wote. Hilo nalo si dogo. Ila hajawahi hata siku moja kuitia saa ufunguo, wala kujiuliza ni nani anayeitia.

Basi dada yao, Mwantumu, akachumbiwa na Pazi, kijana wa ng'ambo ya bonde. Alimpenda, na hakuficha. Ikapangwa ndoa ifungwe saa nne asubuhi, msikitini kwao Pazi. Kwa kuwa baba hayupo, walii ni Chande. Asipofika, hakuna ndoa. Na ami yake Pazi, mtu mkali, alikuwa amekwisha kuapa. Siku ya posa yeye na jamaa zake waliwekwa kungoja mpaka wakachoka, na wakingojeshwa tena, wanavaa viatu wanaondoka, na habari ya ndoa imekwisha. Kuvuka bonde ni mwendo wa karibu saa nzima. Kwa hiyo ilibidi ndugu hao watoke saa tatu, wasizidishe.

Siku ikafika. Mtoro, aliyekuja jana yake, alivaa kanzu mapema akasimama mbele ya saa. Mshale mfupi ulikuwa unaikaribia tatu. Akasoma kama alivyofundishwa: karibu saa tisa. Alijua fika kuwa ni asubuhi, uji alioachiwa mezani ulikuwa bado unatoa moshi. Basi saa ni mbovu, na wageni watakaokuja kula karamu wataicheka nyumba yenye msomi. Akazungusha mishale mpaka karibu na tisa. Chande akatoka kuoga, akakuta saa yake imeharibiwa. Hakumwuliza mtu. Akairudisha kwenye tatu, akaenda kutafuta kofia. Mtoro akaipeleka tisa. Chande akarudi na kofia, akaipeleka tatu. Kutoka chumbani Mwantumu akauliza ni saa ngapi. Hakujibiwa, kwa sababu wakati huo mikono ya ndugu wawili ilikuwa imekutana juu ya saa.

Hapo vita vikaanza. Chande akasema shuleni huwageuza watu vichwa mpaka wakaona tatu ikawa tisa, na waliosomeshwa hukosea wote kwa pamoja kisha wakapongezana. Mtoro akasema aliyejifundisha peke yake akikosea hana wa kumsahihisha, kwa hiyo huisahihisha dunia. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alisema kwa kelele. Na angalieni upumbavu wenyewe: Chande alikuwa anasema ni saa tatu, na Mtoro alikuwa anasema ni saa tatu. Waligombania jambo walilokubaliana, mpaka likaacha kuwa kweli.

Mwantumu alikuwa ndani, hina mbichi mikononi na miguuni. Kwa desturi yao bibi harusi haonekani. Alivumilia, akavumilia, kisha akausukuma mlango kwa kiwiko, akasimama mbele ya kaka zake, mikono juu hina isiharibike, machozi yanamtiririka na hana cha kuyafutia.

"Kaka zangu, niliwauliza ni saa ngapi," akasema. "Sikuwauliza nani kasoma."

Walitoka mbio, kanzu wamezikusanya mkononi. Walipofika msikitini, ami yake Pazi alikuwa amevaa kiatu kimoja na anatafuta cha pili, akiwagombeza watu wote barazani. Hakukiona, kwa sababu Pazi alikuwa amekikalia. Ami akawageukia wale ndugu, akawauliza kwa ukali kitu gani kimewachelewesha. Msomi akamtazama asiyesoma, asiyesoma akamtazama msomi, na hakuna aliyepata la kusema ila ukweli, kwamba walikuwa wakitazama saa. Baraza zima likaangua kicheko. Ami alijitahidi kununa, akashindwa, na ndoa ikafungwa.

Nami hucheka kila ninapoisimulia, kisha moyo unaniuma. Binti yule nusura akose mume, na waliokaribia kumkosesha hawakuwa adui zake. Walikuwa ndugu zake, wanampenda, na wote wawili walikuwa wanajua saa.

Sasa ninyi mliokuja kuniuliza lipi bora, kujisomea au kusomeshwa: huko nyumbani mlikotoka, ni nani amesimama mlangoni akingoja mumjibu, wakati ninyi mnazungusha mishale?